Nyinyi Nendeni Tu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya jambo lolote, Kitinda huloweka koti lake la kazi. Ni koti jeupe ambalo wiki nzima hushiba vumbi la plasta, maana kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia katika karakana ndogo iliyo nyuma ya kliniki moja. Akishalizamisha kwenye karai, huwasha birika, huketi ukingoni mwa kitanda, na kuiweka simu sikioni kusikiliza maneno ambayo mama yake amemrekodia kutoka nyumbani: nani kaposwa, nani kajifungua, mvua imekuja au imegoma, na wewe mwanangu, unakula kweli? Huyasikiliza mpaka mwisho, akicheka peke yake. Katika nchi ya watu, hiyo ndiyo starehe yake ya wiki.

Jumamosi hii mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye habari za mvua, honi ikalia chini ya dirisha. Ikalia tena. Kisha ikalia moja kwa moja, kana kwamba mwenye gari ameulalia usukani.

Kitinda aliruka. Mguu mmoja ukatua ndani ya karai, maji yakakimbilia chini ya kitanda. Kabla hajajua aokoe kipi, mlango ukagongwa kwa viganja viwili.

"Kitinda! Fungua, mwenzio nimebanwa!"

Huyo hakuwa na haja ya kujitambulisha. Alikuwa Nesi, rafiki yake tangu enzi za kugombania dawati, mwanamke ambaye akianza zamu hospitali nzima inajua. Alipita kama upepo kuelekea chooni, akisalimia huku anafunga mlango. Nyuma yake akaingia Wifi, mke wa kaka yake, akihema. Na nyuma ya Wifi akaja Kaka mwenyewe, fundi wa lifti, ambaye kazi yake imemfanya azione ngazi kuwa ni dharau.

"Jengo zima hili halina lifti," alisema, ameshika kiuno. "Watu wanaishi kama mbuzi wa mlimani. Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Mbona mguu mmoja umeoga na mwingine bado?"

"Mwache mtoto wa watu," Wifi alimkatiza, akichukua kitambaa na kuinama kufuta maji bila kuombwa. "Tumemvamia, hata uso hajanawa. Wifi yangu, tusamehe."

"Hakuna aliyevamia, wifi. Kwenu hapa."

Kuwaona hakukuwa jambo la ajabu. Wote watatu wanaishi mji mmoja, na mara moja kwa mwezi, ikifika wikendi, hujipakia kwenye gari la Kaka kwenda kumtembelea Shangazi katika mji ulio ng'ambo ya milima. Chumba cha Kitinda kiko njiani. Basi hupita, hunywa chai, hupumzisha miguu, hujaza chumba vicheko, kisha huondoka naye akabaki akisuuza vikombe. Lakini safari ya mwezi huu walikuwa wameshaifanya Jumamosi iliyopita.

"Mmesahau kitu?" aliuliza, akiongeza maji kwenye birika.

Wifi alimtazama Kaka. Kaka akatazama mkate uliokuwa mezani.

"Shangazi anarudi nyumbani," Wifi akasema taratibu. "Moja kwa moja. Anaondoka Jumatano."

"Jumatano ipi?"

"Hii hii inayokuja. Alitupigia juzi, akasema maneno mawili akakata. Unamjua na simu. Eti amechoka kuvaa makoti mawili kwenda kununua mkate."

"Ndiyo tunakwenda kumfungia mizigo," Kaka akaongeza. "Buti limejaa masanduku matupu. Na ile cherehani aliyomwazima wifi yako anaitaka. Anasema hawezi kuiacha kwa watu wasiojua kuipaka mafuta."

"Naipaka!" Wifi akaruka.

"Unaipaka ya kupikia."

Kitinda alicheka pamoja nao, lakini mkono uliokuwa ukimimina chai ulisimama hewani mpaka Wifi akamwinulia kikombe kuufuata.

Shangazi ndiye aliyetangulia kufika nchi hii, akiwa hajui mtu. Waliofuata wote walipitia kwenye sofa lake. Kitinda alilalia sofa hilo muda wote alipokuwa anatafuta kazi, akirudi jioni na barua za kukataliwa na pua iliyojaa baridi. Watu wengine, ukinyamaza, hukuuliza una nini. Shangazi hakuuliza. Alimpa upande mmoja wa shuka, yeye akashika upande wa pili, wakakunja nguo za kikapu kizima bila neno, na walipomaliza Kitinda akajikuta moyo mwepesi kama mtu aliyesimulia yote. Hakuwahi kupata mtu mwingine wa kunyamaza naye namna ile.

Na sasa ulikuwa unakaribia mwaka hajamwona.

Kosa lilianzia kwenye gari lile lile. Safari ya kwanza walipompitia, Kaka alikuwa ndiyo kwanza kalinunua, na viti vyake bado vinanukia duka. Kwenye kona za milimani tumbo la Kitinda likamgeuka. Akatapika juu ya kiti, juu ya kiatu cha Nesi, na kidogo juu ya Kaka. Hakuna aliyemkaripia. Nesi alicheka mpaka akaomba gari lisimame. Lakini Kitinda alitamani milima ijifunge juu yake. Mwezi uliofuata Kaka alipomuuliza, "Utakuja?" alijibu akitazama chini, "Aa, nyinyi nendeni tu."

Hapo inabidi kueleza jambo moja kuhusu nyumba waliyokulia. Kwa mama yao, mtoto akikaribishwa kitu, hukataa. Akikaribishwa tena, hukataa kwa sauti ndogo zaidi. Mara ya tatu ndipo huenda kunawa mikono. Aliyekubali haraka alifinywa chini ya meza, na Kitinda alifinywa mara moja tu, ikamtosha maisha. Kwa hiyo aliposema "nendeni tu" alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukubali. Alikuwa anasubiri kuombwa tena.

Kaka naye alifinywa nyumba hiyo hiyo. Lakini yeye alitoka mapema, akafanya kazi na watu wanaouliza mara moja na kuandika jibu, na yale mafunzo ya mezani yakamtoka kidogo kidogo. Siku hizi akiambiwa hapana, huichukua hapana yake akaenda zake. Tena aliichukua kwa huruma. Alimwambia mkewe, "Safari zinamtesa, tusimsumbue." Mkewe akamwambia Nesi. Na wote watatu, kwa mapenzi matupu, wakawa wanamwacha nyuma kila mwezi.

Nesi alitoka chooni akijifuta mikono kwenye sketi. "Mmeshamwambia?"

"Tumemwambia," Kaka alijibu, akimgeukia mdogo wake. "Tungekuchukua, Kitinda, ila najua tena mambo ya milima. Au utakuja?"

Hilo hapo. Swali lenyewe, limekaa mezani karibu na sukari.

"Aa, nyinyi nendeni tu," mdomo wa Kitinda ukajibu, bila kumuuliza mwenyewe.

Akasubiri. Aliutazama uso wa kaka yake kama mtu anayesubiri basi analoliona kwa mbali. Kaka akachukua kipande kingine cha mkate.

"Sawa," alisema. "Tutamfikishia salamu."

Basi likapita. Kitinda aligeukia sinki, akafungua maji kwa nguvu, akaanza kuosha kijiko ambacho hakikuwa kimetumika. Jumatano! Alikuwa na hasira na mdomo wake kiasi kwamba, ungekuwa meno ya bandia, angeung'oa akauweka kwenye glasi.

Akajaribu kuingilia mlango wa nyuma.

"Yale meno niliyomtengenezea," alianza, bado amewapa mgongo, "alisema upande mmoja yanamchoma. Yangefaa kuangaliwa kabla hajasafiri. Kule nani atamrekebishia?"

"Kweli kabisa!" Wifi akasema.

Moyo wa Kitinda ukapiga teke.

"Nitamwangalia mimi," Nesi akadakia, akijipiga kifua. "Nitampanua mdomo, nampiga picha, nakutumia. Unaniambia pa kukwangua, nakwangua."

"Utamkwangua ulimi," Kaka alisema.

"Mimi? Mikono hii imetoboa nusu ya mji wetu kwa sindano na hakuna aliyelia."

"Wanaogopa kulia, usije ukarudi."

Wakacheka, na safari ya Kitinda ikafia ndani ya kicheko hicho. Wifi alimsogelea sinki, akamshika bega. "Usijali, wifi yangu. Wewe pumzika. Wiki nzima umesimama na hayo meno ya watu." Aliyasema kwa upole, hata Kitinda akaona ni utovu wa shukrani kuumia.

Kaka akasimama, akakung'uta makombo. "Haya, tushuke. Tukichelewa, Shangazi atakuwa amebeba makabati mgongoni. Kitinda, njoo unishikie ile cherehani, imenishinda adabu."

Walishuka wote. Kitinda alichomoa sweta kwenye kiti, akalivaa juu ya gauni lake la nyumbani, akawafuata kwa ndala, moja inalia chwa, chwa kwa maji.

Kweli cherehani ilikuwa imekosa adabu. Ilikuwa ya chuma kitupu, ya zamani, nzito kuliko mtoto wa darasa la pili, na imepewa kiti chake yenyewe nyuma kama abiria. Kati yake na mahali pa Nesi palikuwa na sanduku moja lililokosa nafasi kwenye buti. Njia nzima, Nesi alieleza, kila Kaka akikata kona ile cherehani inakuja na sanduku lake kumsalimia kiunoni.

"Siingii humo mpaka ifungwe," aliapa. "Nina alama. Mnataka niwaonyeshe hapa barabarani?"

"Hapana!" wakasema wote.

"Kitinda, ingia ndani uikumbatie," Kaka aliamuru, akifungua kamba. "Ishike isiyumbe, mimi nizungushe kwa nyuma ya kiti."

Kitinda alisukuma sanduku, akapenya, akaketi kwenye ile nafasi nyembamba na kuikumbatia cherehani kwa mikono miwili. Ilikuwa baridi. Ilikuwa na harufu ya mafuta, kweli kidogo ya kupikia, na chini yake harufu ya nyumba ya Shangazi: pasi ya moto, sabuni, kitambaa kipya. Aliegemeza shavu kwenye chuma. Nje, Kaka alikuwa anavuta kamba na kuipa amri, Wifi anamwambia fundo hilo halishiki, Kaka anamwambia yeye hufunga lifti zinazobeba watu, Wifi anamwambia ndiyo maana yeye hupanda ngazi.

"Imekaza," Kaka akasema hatimaye, akiitikisa. "Haitoki hata gari likipinduka. Ahsante, Kitinda. Shuka."

Kitinda hakushuka.

"Shuka basi, tuna safari."

"Kamba imenibana," alisema.

Kaka aliinamisha kichwa ndani, akatazama. Kamba ilikuwa mbali naye, imelala kwenye cherehani kwa utulivu.

"Imekubana wapi?"

Kitinda alikuwa ameangalia mikono yake, ambayo nayo haikuwa imeachia.

"Ana nini?" Nesi aliuliza, akichungulia kwa dirisha la upande wa pili. "Kitinda, unaumwa? Toa ulimi."

"Haumwi," Wifi alisema polepole. Alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona kitu kikijitokeza. "Mwacheni kidogo."

Wakamwacha kidogo. Kwa Nesi hilo lilikuwa tendo kubwa. Alijiziba mdomo kwa kiganja. Barabarani alipita mtu na mbwa wake, mbwa akasimama naye kutazama gari lenye mlango wazi, msichana mwenye ndala mbichi aliyekumbatia cherehani, na watu watatu wazima wanaomsubiri.

"Sishuki," Kitinda akasema.

"Hushuki vipi?" Kaka alichanganyikiwa kabisa. "Si nimekuuliza pale juu, ukasema twende sisi? Kila mara nakuuliza, unasema twende sisi. Safari si zinakutesa?"

"Zinanitesa."

"Sasa?"

Kitinda aliinua uso. Mashavu yalikuwa yanamwaka, na sauti ilipotoka ikajikuta ina nguvu kuliko alivyoijua.

"Unaniuliza mara moja tu, Kaka. Mara moja, halafu unachukua mkate. Mimi nakaa nasubiri uniulize tena, nawe unashuka ngazi. Mwaka mzima nasubiri. Nataka kwenda kwa Shangazi. Mwezi uliopita nilitaka, na ule wa kabla yake nilitaka, na leo nataka kuliko siku zote. Nataka kumkunjia nguo zake kabla hajaondoka. Nichukueni."