Mstari wa Mwisho wa Cheti cha Luhaga

Luhaga alirudi Mwanza mwaka 1946 na cheti chake cha kuachishwa jeshi kwenye mfuko wa shati. Miaka miwili alikuwa ameendesha malori ya jeshi vitani huko Burma, kwenye matope na milima, na aliamini dereva kama yeye hawezi kulala njaa. Lakini alikwenda sehemu tatu kuomba kazi, na kote mambo yalikuwa yale yale: karani anasoma, anakunja karatasi, anamrudishia. "Tutakuita." Hakuna aliyemwita.

Akawa hatulii. Alfajiri yuko bandarini, mchana yuko Mabatini, jioni anazunguka uani kama kuku anayetaka kutaga.

"Baba Shimba, keti ule," mkewe Dorotea alimwambia.

"Nitakula nikirudi." Akatoka tena.

Mara ya nne alikwenda kwenye kiwanda cha pamba cha Bwana Mohanlal. Karani wake, kijana aitwaye Jayant, alipoanza kukunja karatasi, Luhaga aliizuia kwa kiganja.

"Bwana karani, Kiingereza sikijui. Nisomee."

Jayant alisita. "Wanasema wewe ni dereva hodari. Halafu, hapa mwisho: 'Si wa kuaminika. Aliliacha gari la serikali.'"

Luhaga akamsimulia ya siku ile vitani. Gari lilikuwa limenasa, na Mayala, mwenzake, alikuwa amevunjwa mguu na risasi. Akambeba mgongoni nusu siku hadi hospitali. Nyuma yao lori likaunguzwa na adui. Jeshi likamfunga siku kumi na nne. Alidhani adhabu ilikwisha siku ile alipofunguliwa mlango.

"Huyo Mayala yu hai?" Jayant aliuliza.

"Yuko Mkolani, anafuga ng'ombe."

"Mlete."

Kesho yake Mayala alikuja akichechemea kwa fimbo, akasimama mbele ya Mohanlal na kukunja suruali mpaka gotini. Akaeleza yote. Mohanlal aliinama akalitazama kovu.

"Nakuamini," alisema. "Lakini wenye bima wanataka karatasi, hawataki kovu. Gari siwezi kukupa. Gereji nina nafasi ya fundi."

Luhaga aliikubali. Jayant akaandika barua jeshini Nairobi kuomba mstari ule ufutwe, na Mayala akaweka dole gumba chini yake.

Jibu lilichukua miezi minane. Jayant alilileta gereji mwenyewe, akachuchumaa kando ya lori.

"Wanasema kumbukumbu haibadilishwi."

Luhaga akauliza kutoka chini ya lori, "Mayala ameambiwa?"

"Bado."

"Nitamwambia mwenyewe. Asije akadhani ni kosa lake."

Alijivuta nje, akafuta mikono kwa kitambaa, akaomba ruhusa kwa fundi mkuu. Hakungoja gari la kiwanda lililokuwa likielekea upande huo. Alishika njia ya Mkolani kwa miguu, haraka haraka, bado ana grisi mpaka viwikoni.