Uzio Usiokaa Mpakani

Hebu fikiri: ni kitu gani kila mwenye shamba anajua kilipo, wala hakuna aliyewahi kukitia machoni? Ni mpaka. Verna Pascoe aliishi na mpaka wake miaka sitini na minane bila kuuona, na siku alipoonyeshwa, ulikuwa umeshamtia matatani.

Aliuona kwenye karatasi. Halmashauri ilimpelekea barua pamoja na picha iliyopigwa kutoka angani: msitu wa mikalitusi, kijito, na katikati mkwaruzo mweupe kama kovu, pale alipoleta kijiko cha kukodi, ile mashine ya kuchimbua, kusafisha kando ya uzio. Barua ilisema amekata miti ya asili bila kibali. Alhamisi saa nne asubuhi angefika mkaguzi, na asiporidhika, Verna angeshtakiwa mahakamani.

Kwanza aliicheka ile barua. Huko Gippsland, Australia, nani asiyejua kwamba kando ya uzio wa mpakani unaruhusiwa kusafisha mita nne bila kumwomba mtu? Tangu moto mkubwa ulioteketeza msitu, miti iliyokufa ilikuwa ikiangukia waya kila upepo ukivuma, na ng'ombe wa jirani wakajikaribisha kwenye malisho yake. Akampigia simu mkaguzi amweleze. Mkaguzi, binti mpole aitwaye Tess Vukovic, alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia aitazame picha tena, autafute mstari mwekundu. Huo ndio mpaka.

Mstari haukuwa kwenye uzio. Ulikuwa ng'ambo ya kijito, mita arobaini mbele, ndani kabisa ya malisho ya jirani yake, Murray Hocking.

Hapo Verna akakumbuka habari aliyosimuliwa utotoni akaisikia kama hadithi tu. Baba yake na baba yake Murray walishindwa kusimamisha nguzo kwenye korongo la kijito, maana kila mafuriko yalizoa nguzo na waya pamoja. Basi wakakubaliana uzio upite juu, penye ardhi ngumu, wakapeana mikono, wakaenda zao kunywa bia. Ndivyo wafugaji wa huko wafanyavyo penye vijito. Uzio hukaa unapoweza kukaa, na mpaka hubaki kwenye makaratasi ya serikali. Kumbe Verna alikuwa amekata miti katikati ya shamba lake mwenyewe, na katikati ya shamba hakuna ruhusa ya mita nne.

Tess alimwambia upo upenyo mmoja. Majirani wote wawili wakithibitisha kwa maandishi kwamba uzio uliwekwa pale kwa makubaliano, kwa sababu ya kijito, utahesabiwa kuwa uzio wa mpakani. Ila lazima wawe wote wawili. Neno la Verna peke yake halitoshi.

Verna akakata simu, akaketi jikoni mikono mapajani. Kwenye kile kipande cha ng'ambo, kati ya kijito na mpaka, Murray alichimba bwawa miaka thelathini iliyopita, na hakuna kwingine ng'ombe wake wanakokunywa kiangazi. Tena dukani ilisemwa kwamba ameajiri wakili mjini, anataka kipande fulani cha kijitoni kiandikwe jina lake kwa kuwa amekitumia miaka mingi kama chake. Verna aliyasikia hayo yakampita, hakujua kipande chenyewe ni chake. Murray akitia sahihi, madai yake yamekufa, maana atakuwa amekiri kwamba ardhi si yake.

Jumanne alimfuata. Alimkuta ameinamia pampu, mikono imejaa grisi; habari za mkaguzi zilikuwa zimeshamfikia.

"Na wewe umekuja kunikagua?" Murray aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimekuja kukuomba. Na unajua ninachoomba."

"Najua, bibie. Unaniomba nijikate mguu ili wewe usichechemee."

Verna alimwahidi kwamba bwawa atalitumia kama siku zote, nani atamzuia? Murray akamuuliza, na ukishakufa? Imogen, binti yake Verna, anaishi Melbourne, na tangu aolewe hajakanyaga matope ya shamba. Huyo naye atamwachia bwawa? Murray akafuta mikono kwenye suruali, akasema ataona. Hakusema ataona nini.

Jumatano nzima Verna hakutulia. Alimimina chai akaisahau, akamimina nyingine. Alishuka kijitoni kuhesabu visiki mara tatu, na kila mara akapata hesabu tofauti. Alijiona amesimama mbele ya hakimu katika mji ambao nusu ya watu wake aliwabeba utotoni mwao alipokuwa dereva wa basi la shule, jina la baba yake likisomwa kwa sauti, halafu gazetini. Imogen alipiga simu. Verna akamwambia kila kitu kiko shwari.

Alhamisi Tess alifika saa nne kamili, akiwa na mabuti na futi ya kamba ya kupimia. Murray hakuwepo. Verna akamkaribisha chai, akamwongeza kikombe cha pili, akamwonyesha ndama aliyezaliwa juzi, mpaka yule binti akamwambia kwa upole, "Mama Pascoe, inabidi tuanze."

Wakashuka. Tess alikuwa amefikia kisiki cha kumi Verna aliposikia pikapu ikiteremka upande wa pili. Murray alishuka, akaruka kijito, akaja kusimama nyuma ya waya. Hakumtazama Verna.

"Andika," alimwambia Tess. "Uzio huu waliuweka wazee wetu, kwa sababu ya maji. Mpaka uko kule nyuma ya bwawa. Bwawa nimechimba mimi, ardhi ni yake. Natia sahihi wapi?"

Verna alitia sahihi yake kwanza, kisha akampitishia Murray kalamu juu ya waya.

Tess alichukua sahihi zote mbili, kisha akaendelea kuvuta kamba yake. Mwendesha kijiko alikuwa amejiachia, akakata kupita kiasi. Visiki tisa vilikuwa nje ya mita nne. Kuhusu hivyo tisa, Tess alisema, hatapendekeza mashtaka, lakini Verna ataandikiwa amri ya kupanda miti ya asili na kuizungushia waya, na yeye atakuja kuikagua kila mwaka kwa miaka kumi. Verna alikubali upesi. Hata angeambiwa tisini angekubali.

Tess alipoondoka, wakabaki wawili, waya katikati yao. Verna akaanza kushukuru, Murray akamkatiza.

"Shukrani ziweke. Nataka karatasi. Kwamba ng'ombe wangu watakunywa pale hata ukishakufa, na wakili aipitie."

"Baba zetu walipeana mikono tu, Murray."

"Ndiyo. Na ona walipotufikisha."

Verna alisema Jumatatu wataenda mjini pamoja.

"Na Imogen? Shamba litakuwa lake. Bila sahihi yake hiyo karatasi itanisaidia nini?"

"Atasaini."

"Umemuuliza?"

Hakuwa amemuuliza. Hata kosa lenyewe hakuwa amemwambia. Verna alitoa simu mfukoni, akalitafuta jina la binti yake. Murray hakuondoka. Aliegemea nguzo, akasubiri, na nyuma yake ng'ombe walikuwa wameanza kuteremka bwawani, mmoja mmoja, huku simu ikiita Melbourne.