Mstari Mwekundu wa Dalmas

Mume wangu Dalmas alirudi kutoka baharini mwaka wa tisini na sita na vitu viwili: mita ndogo ya kupima betri, na ubishi. Mita niliizoea.

Alikuwa mpishi kwenye mashua ya matanga ya Mzungu mmoja mzee aliyezunguka dunia. Huko taa, redio, kila kitu kilitegemea betri, na mzee alimfundisha kwamba betri haishushwi chini ya nusu, maana katikati ya maji hakuna jirani wa kumwomba. Sasa mtu huyo mlete Kawangware, Nairobi, kwenye ploti ya Mzee Gichuru isiyo na stima, katika chumba kimoja chenye televisheni ndogo ya kutumia betri ya gari. Alichora mstari mwekundu kwenye kioo cha mita. Mshale ukiugusa, anazima. Aliwahi kuzima penalti mpigaji akiwa anakimbilia mpira. Ploti nzima ikamwita Kapteni, na si kwa mapenzi. Mimi nilikuwa na majina mengine.

Mwaka uliofuata Daisy wetu, wa miaka tisa, aliimba na kwaya ya shule kwenye mashindano, tukaambiwa wataonyeshwa kwenye televisheni Jumamosi saa tisa mchana. Mama mkwe wangu, Adero, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Ugenya na angerudi Jumapili asubuhi.

"Nikimwona mjukuu wangu kwenye hilo sanduku," alisema, "nitakuwa na la kuwaambia wa nyumbani."

Alhamisi Dalmas aliipeleka betri kwa Ndegwa, fundi wa kuchaji pale kituo cha matatu cha 56, akairudisha kwa mkokoteni polepole kama anayesafirisha mgonjwa.

"Isiguswe mpaka Jumamosi," akaniambia.

"Nimesikia." Na kweli nilikuwa nimesikia.

Ijumaa akaenda kesha kanisani. Saa moja jioni jirani yangu Musimbi akabisha.

"Mama Daisy, leo ndiyo yule dame wa tamthilia ya Meksiko anaambiwa babake ni nani. Dakika kidogo tu."

Huyo baba nami nilikuwa nimemngoja tangu Krismasi. Nikawasha. Baba alipopatikana ikaanza mieleka, na Wakoli wa chumba cha tatu akaomba raundi moja. Mama mkwe mwenyewe alisogeza kiti mbele. Nilipokumbuka kutazama mita, mshale ulikuwa umeupita mstari zamani.

Asubuhi na mapema niliipeleka betri kwa Ndegwa. Akaipima, akatikisa kichwa.

"Hii umeimaliza kabisa, mathe. Kuja kesho."

Nilirudi mikono mitupu, nikiona aibu. Dalmas simwogopi. Niliyemwogopa ni yule mama mzee, ambaye kwa miaka kumi hakuwahi kuniomba kitu.

Dalmas aliporudi kutoka kesha nilimwambia kabla hajaketi. "Betri nimeimaliza mimi. Si Musimbi, si Wakoli. Mimi."

Nikangoja mahubiri ya baharini. Hayakuja. Alikuwa akitazama nje, kwenye bati la bafu, ambapo watu walikuwa wameanika mawe, zile betri ndogo za redio na tochi zao, kama kila Jumamosi, ili jua liyarudishie uhai kidogo. Desturi hiyo alikuwa akiicheka tangu arudi.

"Mawe manane ni volti kumi na mbili," akasema taratibu. "Haya yamechoka. Tuseme tisa."

Akaenda mlango kwa mlango, yeye aliyezima penalti. Wakoli alijiegemeza mlangoni, akafurahia.

"Kapteni, leo ni wewe unaomba?"

"Naomba."

Wakoli akampa sita. Musimbi akatoa ya tochi. Wangoi, mke wa Mzee Gichuru, akatoa ya redio yake ingawa kipindi chake cha injili kilikuwa bado hakijaanza. Yalipofika ishirini na saba, Dalmas akayapanga tisa tisa, akayafunga kwa gazeti na vipande vya tyubu, akaunganisha waya. Mshale wa mita ukapanda.

Saa tisa chumba kilijaa hadi mlangoni. Dalmas aliwasha, akaona kwaya nyingine, akazima. Mara ya tatu akawa ni Daisy wetu, mstari wa mbele, na kayamba mkononi. Mama mkwe alinishika mkono, nikasikia furaha hadi machozi.

Kwenye ubeti wa pili picha ikaanza kujikunja kutoka pande zote, Daisy akipungua, akipungua, hadi akatoshana na punje ya mahindi. Mkono wa Dalmas ukaenda kwenye swichi. Nikamtazama. Akaurudisha. Kisha picha ikapotea.

Daisy, aliyekuwa ameketi sakafuni kati ya magoti ya nyanyake, akaupokea wimbo pale ulipokatikia. Akaimba hadi mwisho, Wakoli akimpigia meza.

"Kumbe huyu mlikuwa naye ndani humu," mama mkwe akasema, "na mnahangaika na mawe."

Jumapili, tulipokwisha kumsindikiza, nilimkuta Dalmas na mita mapajani, akifuta ule mstari kwa kidole na mate. Alichora mwingine, chini kidogo. Kidogo tu, maana ni Dalmas.

"Hapa kuna majirani," akasema.