Kaburi la Baba Aliye Hai

Mama alikuwa akitwanga maharage, mlango umefungwa, nami nikiimba kwa sauti ili kinu kisisikike chumbani alikolala baba. Mji mzima wa Taras ulijua kwamba Filonidas, baba yangu, hali maharage. Undugu wake wa wanafalsafa ulifundisha kuwa roho za wafu hupitia kwenye maharage zikitafuta miili mipya. Shamba la maharage la jirani alilizunguka badala ya kulikatiza, hata mvua ikinyesha.

Homa ilikuwa imemtoka, lakini alikataa kula. Alisema mwili ni kifungo, na roho yake imeshaanza kuona pa kutokea. Mama hakubishana naye. Shayiri ilikuwa imebaki konzi mbili tu, akaichanganya na maharage, akamwambia ni uji mwepesi wa kumsindikiza. Akaunywa. Baada ya siku mbili aliweza kuketi, nami nikawa na furaha niliyoogopa kuionyesha.

Siku ya tatu akatoa ganda la haragwe mdomoni, akaliweka kiganjani.

"Mnasila," akamwita mama, "umenilisha nini?"

"Unajua."

Nilidhani atasukuma bakuli na kutufia pale pale. Akaligeuzageuza lile ganda kwa kidole.

"Sasa nimemla nani mimi?"

"Labda mama yako," akasema mama. "Ndiyo maana uji uligoma kuiva."

Baba akacheka mpaka akajishika mbavu, kisha akasogeza bakuli aongezewe.

Angeweza kuficha. Lakini desturi ya undugu wao ilikuwa kukiri kila jioni walichokosa, na baba uongo hakuuweza. Ndugu zake wakamfukuza. Kama walivyomfanyia kila aliyetengwa nao, wakamsimamishia jiwe la kaburi kando ya njia ya sokoni, lenye jina lake, na tangu hapo wakawa wanampita bila salamu. Jambo hilo lilimuuma. Niliwahi kumkuta akilia nyuma ya nyumba.

Aliishi miaka kumi na tisa zaidi, akanenepa, akacheza na wanangu. Tukitoka sokoni aliegemea jiwe lake kukaza kamba za viatu.

"Roho yangu wameizika hapa," alimwambia mama siku moja.

"Na huu mwili ulionishika bega?"

"Huu ni wako. Una njaa."

Mama akampokea kikapu, wakatangulia mbele yangu kwenda nyumbani.