Shati Ndani ya Ovaroli

Vumbi la asbesto ni mnafiki. Haliwashi, halinuki, halikukohozi leo. Linaingia pafuni linakaa kimya miaka na miaka, na siku linapojitangaza, jamaa wameshaanza kunong'ona kitandani pako. Msimamizi aliwaambia mafundi wake hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi walimtania, "Mama Barakoa, tumesikia! Hata usingizini tunaota!" Haya, chekeni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Walikuwa kwenye maabara ya zamani ya chuo, wakivua asbesto iliyozungushiwa mabomba tangu jengo lijengwe. Chumba kizima kilizibwa kwa plastiki nyeusi, na feni kubwa ilifyonza hewa hadi kuta za plastiki zikavutwa ndani zikakaza. Zikikaza, vumbi haliponyoki. Zikilegea, unaacha kazi, unalowanisha ulichoshika, unatoka. Na kutoka kwenyewe kuna utaratibu. Chumba cha kwanza unavua ovaroli ya karatasi, cha pili unaoga barakoa ikiwa bado usoni, cha tatu unavaa nguo safi. Ndani ya ovaroli ni chupi tu, nayo inatupwa.

Mlango wa kuogea ulishikwa na mzee waliyemwita Kipa, maana hakuna kinachompita. Jana Kipa aliumwa jino, msimamizi akashika nafasi yake. Hapo ndipo kasheshe, kwa sababu mmoja wa mafundi ni mume wa binti yake, na kazi hii ni yeye aliyemwingiza. Jamani, mwanamume atavuaje nguo mbele ya mama mkwe? Zamu yake ilipofika, msimamizi alimpa mgongo. Akasikia maji yakimwagika, akasikia "Tayari, mama," na moyoni akafurahi kwamba binti yake kaolewa na mtu mwenye haya.

Leo Kipa alirudi, amechelewa, shavu limevimba. Mchana umeme ukakatika. Feni ikanyamaza, na kuta za plastiki zikalegea taratibu, zikaning'inia. Kipa akatoka mbio kuwasha jenereta. Wengine walishatoka kula. Ndani alibaki mkwe peke yake.

"Acha kazi!" msimamizi alipaza sauti, barakoa usoni. "Lowanisha, toka!"

Mkwe akaja akipapasa gizani. Msimamizi alimmulika kwa tochi kupitia kidirisha cha plastiki. Waya wa bomba ulikuwa umechana ovaroli begani, na kwenye ule mpasuko palionekana mistari ya buluu.

"Hicho nini hicho?"

Mkwe akaufunika mpasuko kwa kiganja.

"Nakuuliza, umevaa shati ndani?"

"Mama, naomba usogee kidogo. Nitajiosha mwenyewe."

"Sisogei. Vua."

"Mama, wewe ni mkwe wangu. Siwezi. Nitamsubiri Kipa."

"Umesimama kwenye vumbi, feni imezima, ovaroli imechanika, halafu unamsubiri Kipa? Vua, bwana!"

"Bora nife, mama!"

"Kufa ni shauri yako! Nyumbani una mtoto mchanga analala kifuani kwako!" Huyo mtoto alikuwa mjukuu wake wa kwanza, na hilo shati ndilo lingembeba jioni.

Mkwe alianza kuhema kwa kasi. Joto, giza, aibu, vyote vilimwelemea kwa pamoja, na mkono wake ukapanda kuelekea usoni.

"Barakoa usiguse! Baba, nakuomba, barakoa mwisho!"

Mkono ukasita hewani. Msimamizi hakungoja tena. Alijitumbukiza kwenye ovaroli, akachukua mkasi wa kukatia plastiki, akaingia mpaka bafuni, akamvuta ndani kwa mkono na kufungulia maji juu yake, na ovaroli yake na shati lake, vyote vikalowa chapachapa.

"Geuka. Aibu ya leo nitaibeba mimi."

Akakata ovaroli, akakata shati kuanzia kolani kushuka chini, akakata na suruali, akimsugua mgongo kama alivyokuwa akiwasugua wanawe. Mwanamume mzima alilia, mabega yakimtikisika. Na yeye alilia, ndani ya barakoa, mahali ambapo huwezi hata kujifuta kamasi.

Nje jenereta likanguruma. Feni ikaamka, kuta zikavutwa, zikakaza.

"Sasa vua barakoa," alisema.

Baadaye, wote wawili wakiwa wamevaa nguo safi na matambara yale yakiwa yamefungwa ndani ya mifuko miwili, mkwe alikaa sakafuni akitazama vidole vya miguu yake. Msimamizi karibu acheke. Yamepita, hata ukwe haujafa.

"Huwa unavaa shati kila siku?"

"Hapana, mama! Kipa akiwepo sivai. Leo asubuhi nilidhani haji, nikajua utakaa wewe mlangoni." Akavikunja vidole vya miguu. "Kama jana."

"Jana ulioga. Nilisikia maji."

"Niliyafungulia tu, mama. Nikatoka nimelivaa shati langu lile la kijani, kavu."

Msimamizi akainuka. Alisikia maji, eti. Kazi ya mlango ni kutazama, yeye akageuka kwa adabu zake. Akapiga simu.

"Shikamoo, mama," binti yake akaitika.

"Marahaba. Sikiliza. Lile shati la kijani alilorudi nalo mumeo jana, usiliguse. Liko wapi?"

"Mbona nimeshalifua? Liko kwenye kamba."

"Ulilifua." Alivuta pumzi. "Ulilitia majini moja kwa moja?"

"Moja kwa moja wapi! Nililikung'uta kwanza mlangoni. Hilo vumbi jeupe lililotoka, we mama! Mpaka mtoto mgongoni kapiga chafya mara mbili, tukacheka sana. Kwani vipi?"

Msimamizi aliegemea ukuta wa plastiki. Ulikuwa umekaza sawasawa.