Chetezo Chini ya Meza

Mie hasira zangu ziko karibu, sikatai. Lakini hebu nambieni nyinyi kama msingepandwa nazo: kompyuta nimeiunda kwa mikono yangu mwenyewe, kidude baada ya kidude, inafanya kazi kama ilivyotakiwa, kisha nikifika pahala patamu inazimika pap. Haitoi moshi, hailii, haisemi ina nini. Inazimika tu kama mtu aliyenuna.

Na si kompyuta ya dukani hiyo. Vidude vya ndani nimevikusanya kwa binamu yangu Basil, fundi wa kompyuta pale Darajani, kimoja leo, kimoja mwezi ujao. Kasha lake ndilo linalowachekesha watu. Nilimpa seremala mlango wa kabati la nguo la marehemu bibi, mninga mtupu, akanichongea kasha la mbao lenye matundu chini na nyuma ili mashine ipate kupumua. Limekaa chini ya meza chumbani kwangu, Kiponda, katika nyumba ninayoishi mimi na shangazi yangu Bi Muzna.

Humo ndimo ninamotengenezea filamu za harusi. Si harusi zote, za wanawake tu. Mnazijua usiku ule: mabuibui yanatundikwa, nywele zinaachwa wazi, na watu wazima wenye wajukuu wanacheza mpaka viatu vinapotea. Simu zinakusanywa mlangoni ndani ya beseni. Kamera inakuwa moja tu, yangu, na sharti linajulikana na kila aliyealikwa: picha haziendi kwenye simu, hazitiwi kwenye flashi, hazionwi na mwanamme, na hazitoki ndani ya kasha la Tahiya, ndiye mie. Ndiyo maana wananiamini. Na ndiyo maana kompyuta yangu ikiugua, siwezi kuibeba nikampelekea Basil, awe binamu asiwe binamu.

Sasa sikilizeni ilivyonibana. Aliyeolewa safari hii ni Basma, binti wa pekee wa shangazi yangu mdogo, Bi Mayasa wa Mbweni. Na mama mtu hakuwepo. Wiki ile ile ya harusi aliteleza bafuni, mguu ukavunjika, akafungwa plasta toka wayo mpaka pajani. Wakataka kuahirisha, akawakatalia. Harusi ya mwanangu haisimami kwa mguu wangu, alisema. Basi ikachezwa, naye amelala Mbweni anaitazama dari.

Basma alikuwa anaondoka Jumamosi kumfuata mumewe Maskati. Bi Mayasa akaniita kitandani kwake.

"Tahiya mwanangu, nnataka nimuone alivyopambwa, na yeye mwenyewe amekaa hapa ubavuni kwangu. Akishaondoka nitakuwa nnatazama picha ya mtu aliye mbali. Hiyo siitaki."

"Nshakuahidi, shangazi," nikamwambia. "Ijumaa unayo."

Mdomo huu.

Jumatatu mashine ikazimika nikiwa nnakata na kuunga picha za hina. Nikaulaumu umeme. Jumanne ikazimika tena, na umeme upo, feni ya darini inazunguka inanicheka. Nikampigia Basil.

"Pawa saplai hiyo, kile kidude cha kugawia umeme," akasema, hata hajafikiri. "Haiupi mwili chakula cha kutosha. Teremsha kikapu."

Nyumba yetu ni ghorofa ya pili, na kikapu chetu cha kamba kinateremka dirishani kila asubuhi kufuata mkate wa boflo. Siku ile kilipanda na pawa saplai. Nikafungua, nikafunga, nikawasha. Nikacheka peke yangu kwa furaha. Basma hajamaliza kushuka ngazi kwenye skrini, pap.

"Basi memori," akasema Basil. "Na hiyo ya kwako ni ndogo, nnakuletea kubwa zaidi. Hata kama si ugonjwa, utakuwa umeinenepesha mashine."

Kikapu kikashuka, memori ikapanda. Kweli mashine ikawa nyepesi, picha zinafunguka kabla sijainua kidole. Na ikazimika upesi zaidi kuliko mwanzo.

"Basil, wewe fundi au mpiga ramli?"

"Niruhusu basi nije niitazame."

"Uje utazame nini? Shangazi zako wakikata viuno?"

Akakata simu. Nilimsikia akisema astaghfirullah kabla haijakatika.

Bi Muzna yeye alikuwa na jawabu lake toka siku ya kwanza. "Jicho hilo," alisema, amekaa ukingoni mwa kitanda changu anasugua magoti. Magoti ya Bi Muzna ni wimbo wa nyumba ile. Ngazi zikimshinda ni magoti, mvua ikitaka kunyesha ni magoti. "Kila anayeingia humu anakwambia kasha zuri, kasha zuri. Nani aliyesema mashallah? Hebu niachie mie, nitalishughulikia."

Nikadhani atalisomea. Nikamshukuru, maana hali niliyofika, hata kusomewa ningesomewa mimi mwenyewe.

Basi kila ikizimika, shangazi anasema niachie mie. Na kila akiachiwa, inazimika upesi zaidi. Nilikuwa nnaliona hilo kwa macho yangu mawili, wala sikuliunganisha.

Alhamisi alasiri nilitoka kuoga, nywele zinachuruzika, nikafungua mlango wa chumba changu. Bi Muzna yuko sakafuni, kwa magoti yale yale, mtandio umemwangukia mabegani. Chini ya meza, sawasawa na matundu ya kasha langu, ameweka chetezo chenye makaa mekundu, na udi juu yake unafuka. Na ule moshi haupotei chumbani. Unapanda moja kwa moja unaingia kashani, wote, mpaka wa mwisho.

"Vuta mama, vuta," anaibembeleza. Kisha akaniona, uso umemng'ara. "Tahiya, njoo uone mambo. Mashine yako inapenda udi. Hata buibui langu halivuti hivi. Nnaifukiza kila Alhamisi toka ulipoiunda, na wiki hii ya husuda, asubuhi na jioni."

Nikaganda mlangoni na taulo langu.

Na huo si udi wa kununua. Bi Muzna anapika mwenyewe: vijiti vya udi, sukari inayochemshwa mpaka inavutika, mafuta ya waridi, miski, na vitu vyengine ambavyo hamwambii mtu. Ndio aliomfukizia Basma siku ya harusi yake. Moshi wake ukikaa juu ya kitu unaacha utando unaonata kama halua.

Nikazima, nikalivuta kasha, nikafungua ubavu. Feni ya kupozea prosesa, ubongo wa mashine, ilikuwa ya kahawia. Nikaisukuma kwa kidole, ikazunguka nusu duara ikagoma, na kidole kikatoka kinanata na kinanukia. Vile vibati vyembamba vilivyo chini yake, vya kutolea joto, vilikuwa vimezibwa vyote, hakuna pa kupita hata pumzi ya sisimizi. Mashine haikuwa na njaa, wala haikuwa na jicho. Ilikuwa inapata joto, inakosa hewa, inajizima isife. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia, na cha kwangu kilikuwa mpaka kinasema vuta mama vuta.

"Shangazi, ni wewe," nikapiga kelele. "Ni wewe unayeiua!"

Bi Muzna akanyanyua chetezo chake, akatoka. Hasira zikanishuka pale pale, nikaona haya. Mtu mzima kapiga magoti kwa ajili yangu, nami nimemfokea nikiwa na taulo.

Akarudi na chupa ya spiriti ya kuchomea sindano, miswaki mikongwe, na kipande cha kanga.

"Haya," akasema. "Nnasugua wapi?"

Tukakaa sakafuni wawili tukasugua. Nikamwomba radhi, akanambia nisugue niache maneno. Kila utando unaobanduka yeye anaukusanya kwenye kisosi. Nikamuuliza wa nini huo. Udi mzuri huu, akasema, kuutupa ni dhambi. Hapo ndipo kicheko kiliponishinda, naye akashikwa, tukacheka mpaka spiriti ikamwagika.

Vibati vilipong'ara nikakumbuka kuwa baina yake na prosesa hupakwa dawa nyeupe, mfano wa dawa ya meno, ya kupitishia joto, nasi tumeisugua yote na mimi sina nyengine.

"Samli je?" akauliza Bi Muzna.

"Shangazi, tafadhali."

Nikampigia Basil, nikamweleza. Akacheka mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Alipofika chini ya dirisha bado anacheka, anajishikilia kwenye baraza ya jirani, na wapita njia wanamtazama. Kikapu kikapanda na dawa ile, na feni ya pili ambayo sikuiomba.

"Hiyo ya kutolea moshi nje," akaita kutoka chini. "Mwambie shangazi shikamoo."

"Marahaba," Bi Muzna akamjibu dirishani, kwa sauti ya heshima kabisa. "Na wewe mashine zako ukitaka zifukizwe, zilete."

Nikafunga kila kitu, nikalipandisha kasha juu ya meza, mbali na makaa yoyote, nikawasha. Ikaenda. Nikawa nnaitazama kama mtoto aliyelala na homa. Ilikwenda mpaka nikamaliza kukata, mpaka nikafika pale ambapo mashine inaachiwa iipike filamu nzima, iziunge picha zote ziwe kitu kimoja, na hapo ndipo inapochemka hasa. Nikageuka, Bi Muzna kavuta kiti, kashika kipepeo cha jikoni, cha ukili, anaipepea kwa nyuma.

"Feni zipo mbili, shangazi."

"Na mie wa tatu."

Akapepea. Picha zikawa zinapita kwenye skrini, hina, maua, Basma anashuka ngazi. Kisha akatokea mwanamke mnene katikati ya duara, kanga ya zambarau kiunoni, anacheza kama aliyekatiwa kamba. Kipepeo kikasimama.

"Hicho kikate," akasema.

"Kwa nini? Ndicho kizuri kuliko vyote."

"Pahala pale ni pa mama wa bibi harusi. Watu walitaka acheze mtu, nikaingia mie. Mayasa yuko kitandani na plasta, mie nnarukaruka pahala pake. Utamuumiza."

"Chungu kishafunikwa," nikamwambia. "Nikikifunua sasa, kesho hatuna kitu."

Akaendelea kupepea, polepole.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, tulipanda teksi kwenda Mbweni. Kasha lilikuwa mapajani mwangu limefungwa shuka, na kila shimo la barabara nimelipigia bismillahi. Bi Mayasa alikuwa ameegemezwa mito, amepakwa wanja kabisa, Basma kajibanza ubavuni kwake. Wanaume walitolewa nyumba nzima. Nikaunga waya kwenye televisheni yao, nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Basma akanitazama, mama yake akaitazama plasta yake. Nikafungua ubavu. Kumbe memori mpya imechomoka kidogo kwa yale mashimo. Nikaichomoa, nikaisugua meno yake kwa raba ya kufutia, nikaikandamiza mpaka ikalia tiki. Nikabonyeza. Taa ikawaka, nami nikakaa chini palepale.

Basma akashuka ngazi. Bi Mayasa alimshika mwanawe kidevu, akawa anamtazama wa kwenye skrini, kisha wa ubavuni, kisha wa kwenye skrini. Machozi yanamtoka na anatabasamu. Ikaja kanga ya zambarau.

"Simamisha," akasema. "Rudisha. Muzna, kanga hiyo si yangu?"

"Yako."

"Ile nnayoitafuta?"

"Ile ile. Nilitaka na wewe uwemo."

"Na magoti?"

Bi Muzna akainamisha uso. "Yanauma," akasema. "Yameuma toka siku hiyo."

Bi Mayasa akaangua kicheko, plasta ikawa inagonga ubao wa kitanda, rudisha, rudisha, nikairudisha mpaka sote tukawa tunajifuta macho. Na kwa kurudisharudisha huko kasha likapata moto. Mbao za kabati la bibi zilikuwa zimekunywa udi wa Alhamisi zote zile, na miswaki yetu haikuzigusa. Zilipopata moto, feni ya Basil, iliyowekwa kutolea moshi nje, ikaanza kuitoa harufu yake.

Bi Mayasa akakatisha kicheko. Akainua pua.

"Mmechoma udi?"

"Hatujachoma," nikasema.

"Udi wa Muzna huu. Ndio huu wa harusi." Akaligeukia kasha. "Nisogezeeni."

Tukalisogeza mpaka ukingoni mwa kitanda. Akavua kanga aliyojitanda, akaikunjua, akalifunika kasha lote kama tunavyolifunika tega la vijiti tukifukiza nguo, na matundu yangu yote ya hewa akayaziba. Feni zikaanza kuhema. Mie mwenye hasira za karibu, nilifunua mdomo nimwambie kuwa ataizima, kisha nikaufunga. Filamu ilikuwa imefika mwisho, Basma anapunga mkono.

Alingoja kidogo, akaivua kanga ikiwa bado na joto, akajifunika kichwani yeye na mwanawe pamoja. Hatukuwaona nyuso.

"Haya," akasema Bi Mayasa humo ndani. "Na mie nimekwenda harusini."

Kompyuta ikazimika pap. Hakuna aliyenuna.