Healey ya Kasimiri

Hellena hakuwa mtu wa kusahau, wala hakuona sababu ya kujifunza kusahau. Watu wa Chanji, mtaani kwao, walimwambia miaka sita mfululizo kwamba yaliyopita si ndwele. Yeye akawajibu kwamba kwake hayajapita bado, maana yanapita mbele ya nyumba yao kila Jumapili baada ya misa, yakipiga honi.

Mpiga honi alikuwa Isdori. Gari lenyewe lilikuwa la marehemu Kasimiri, baba yake Hellena: Austin-Healey 3000, la Kiingereza, la viti viwili, bluu juu na rangi ya maziwa ubavuni, na magurudumu yake ya spoku kama ya baiskeli. Sumbawanga nzima hapakuwa na lingine. Lililetwa na Mzungu mmoja wa nzige, miaka ile wataalamu walipokuwa wanawawinda nzige wekundu Bonde la Rukwa. Kazini alikwenda na Landrova. Healey ilikuwa ya kujifurahisha. Alipoondoka, mwaka sabini na nne, alimwachia gari kijana aliyekuwa akimtengenezea, na kijana huyo ndiye Kasimiri.

Kasimiri aliujua ukoo wa magari yale kuliko alivyoujua ukoo wa mkewe. Alisimulia jinsi Waingereza, baada ya vita kuu, walivyochukua injini za magari ya kawaida ya kupelekea watoto shule, wakazipachika kwenye bodi nyepesi, wakazaa MG na Triumph na Healey, kisha wakaenda nazo mashindanoni kuwatia aibu wenye magari ya gharama. Alisimulia kwamba mwaka 1960 wanawake wawili waliendesha Healey kama hii katika mbio ndefu za milimani huko Ulaya, siku nne, wakawaacha wanaume wote nyuma. Hicho kisa Hellena alikisikia tangu akiwa na miaka saba, ameshika nyundo ya shaba, anangoja baba aseme "lete". Na kasoro za gari Kasimiri hakuzificha. Tumbo la Healey lilikaa chini kama la bata, bomba la moshi liligonga kila tuta, na joto la injini lilichoma miguu ya dereva. Akainua springi mwenyewe, akapandisha bomba, akagonga madigadi mpya kwa bati, na gari likatembea Ufipa miaka arobaini na zaidi.

Isdori alikuja kwao akiwa kijana, kujifunza ufundi, akala mezani kwao miaka tisa. Hellena alimwita baba mdogo. Kasimiri alimfundisha yote isipokuwa magurudumu ya Healey. Hayo aliyafunga kwa mkono wake mwenyewe, akisema mule ndimo roho ya mtu inamokaa. Kisha Kasimiri akapooza. Siku moja Hellena alirudi kutoka sokoni akakuta kidole gumba cha baba yake kina wino wa zambarau. Baba hakuweza kusema. Aliutazama wino, akamtazama binti yake, na machozi yakamtoka upande mmoja wa uso, ule uliokuwa bado unamtii.

Wazee wa mtaa waliisoma karatasi aliyoileta Isdori. Kasimiri, ilisema, amemwachia Isdori gari kwa hiari yake na kwa shukrani. Dole gumba lipo, shahidi yupo. Kasimiri aliishi miezi kumi na mmoja baada ya hapo, na kila Jumapili alilisikia gari lake likipita nje, likilia honi ya kumsalimia. Hellena alimzika baba, akafungua karakana ya pikipiki Katandala, akaendelea kumchukia Isdori bila kupumzika. Hakuwahi kumwombea mabaya kanisani. Aliona si heshima kumtuma Mungu kazi ambayo angependa kuifanya mwenyewe.

Mwezi wa saba, wakati wa ule upepo unaokata masikio, habari zikaenea kwamba unakuja msafara wa magari ya zamani ya Kiingereza kutoka Zambia. Yangelala Sumbawanga, na Jumapili yangepita Mollo kwenda ukingo wa Lyambalyamfipa kulitazama bonde. Aliyechaguliwa kuwaongoza wageni ni Isdori, "fundi aliyeifufua Healey ya Sumbawanga". Redio iliyatamka hayo maneno Hellena akiwa anakaza mnyororo wa bodaboda, na spana ikamponyoka mkononi.

Jumamosi mchana alimkuta Isdori kituo cha mafuta. Healey ilikuwa imepakwa rangi upya, inang'aa, watu wameizunguka na simu zao. Hellena alipita karibu akiwa na nia ya kutotazama. Akatazama. Kisha akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akatazama tena.

Gurudumu la Healey halina nati nne wala tano. Lina moja tu, kubwa, katikati, yenye masikio mawili, na hufungwa kwa kupigwa nyundo. Kila sikio limechongwa mshale unaoonyesha upande wa kufungulia. Mshale wa juu lazima uelekee pua ya gari, kulia na kushoto sawasawa. Mishale ya nati hizi ilielekea mkia.

Alielewa mara moja. Isdori alipofumua gari kwa ajili ya rangi, alizing'oa habu zote, vile vyuma vya katikati vinavyobeba magurudumu na kushika nati, na wakati wa kurudisha akaweka za kulia kushoto na za kushoto kulia. Wala hakupitiwa. Alifikiri, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu kila anayezitazama nati zile kwa akili ya kawaida huona Mwingereza amekosea. Huona gurudumu likienda mbele litaifungua nati. Kumbe gurudumu hucheza kidogo sana juu ya meno yake, na kule kucheza huisukuma nati kinyume, huikaza kila kilometa. Kasimiri alimwonyesha Hellena kwa bangili ya mama yake na mpini wa nyundo, akizungusha taratibu mpaka mtoto akacheka kwa kuona. Kufungua, piga kuelekea pua. Kufunga, piga kuelekea mkia. Ukizigeuza habu, barabara yenyewe inakufungulia.

Mjini, kwa mwendo wa maringo, zisingetoka. Zingetoka kwenye mwendo wa kasi.

Hellena alirudi Chanji akiimba. Mama yake, Redempta, aliyekuwa anachambua maharage uani, alisimamisha mikono.

"Leo kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Moyo tu umetulia."

Ulikuwa umetulia kweli, na hakuona haya. Alichokitaka miaka sita kilikuwa kimeletwa mlangoni kwake na Isdori mwenyewe. Alilohitaji ni kunyamaza tu. Lakini alipokuwa anasonga ugali aliona dosari: akinyamaza, Isdori ataanguka bila kujua kilichomwangusha. Watu wataimba mapambio, watasema barabara mbaya, watamzika fundi mkubwa. Hilo hakulitaka hata kidogo. Alitaka ajue. Alitaka aanguke kwa neno la Kasimiri, masikio ya watu wote yakiwa yamelisikia.

Basi angemwambia. Angemwambia ukweli mtupu, mbele ya watu, na Isdori asingeusikia. Miaka tisa alimwona mezani kwao. Alijua mtu yule angeona afadhali kumeza mfupa kuliko kumeza neno la mwanamke.

Jumapili asubuhi uwanja wa Katandala ulijaa. Palikuwa na MG mbili nyekundu, Triumph ya kijani isiyo na paa, na Jaguar yenye pua ndefu iliyokuwa imechemsha maji. Fundi wa msafara, Mahmud, mtu wa Tanga mwenye ndevu nyeupe, alikuwa ameinama ndani ya boneti ya Jaguar hiyo, hatua ishirini kutoka Healey. Isdori amevaa kofia ya ngozi, anawaeleza watu alivyoteseka kuijenga. Mkewe, Agnesi, alikuwa tayari ameketi kiti cha pili.

"Shikamoo, baba mdogo," Hellena alisema.

Isdori alishtuka. Miaka sita hakuipata salamu ile. "Marahaba, mwanangu. Umekuja kutuaga?"

"Nimekuja kukwambia umezigeuza habu. Za kulia ziko kushoto. Magurudumu yatatoka."

Watu walicheka, maana Isdori alianza kucheka.

"Hellena, si ubaki tu na bodaboda zako! Gurudumu linakwenda mbele, nati inajikaza. Hata mtoto wa chekechea ataona. Marehemu baba yako alizifunga kinyume miaka yote, Mungu amrehemu. Mimi nimemsahihisha."

"Baba alikosea?"

"Alikosea."

"Sema kwa sauti, baba mdogo. Wa nyuma hawajasikia."

"Kasimiri alikosea!" Isdori alipaza sauti, mkono kifuani. "Mtu mzuri, lakini hesabu za magurudumu zilimshinda!"

Hellena alihisi damu inampanda mpaka kwenye nywele, na juu ya ile damu alihisi furaha. "Mara ya pili nakwambia. Rudisha habu."

"Toka kwenye gari langu."

"Mara ya tatu. Usiende nalo Mollo hivyo."

"Jamani, mtoeni huyu mtoto, wageni wanangoja."

Mahmud alikuwa bado ndani ya boneti, hatua ishirini. Neno moja kwake lingetosha. Angekuja, angetazama mishale, angezima safari. Hellena alimwona, akapima ule umbali, akakaa alipo. Alichofanya ni kuzunguka upande wa pili na kuinama dirishani.

"Mama mdogo, shuka."

Agnesi alimtazama usoni. Alikuwa ameolewa na Isdori miaka kumi na mitano, na alikuwa na yake moyoni. "Isdori," alisema, "nimeacha maharage motoni." Akashuka, akafunga mlango taratibu, akajifunga khanga vizuri, akasimama kando ya Hellena. Mumewe alimsonya.

Msafara ukaondoka, Healey mbele. Hellena alipanda pikipiki yake akafuata.

Nje ya mji barabara ilinyooka kati ya mashamba ya Mollo, na Isdori akakanyaga mafuta ili wageni wasikie injini. Ilinguruma vizuri, vile Kasimiri alivyoiacha. Hellena aliisikia, akaongeza mwendo. Kilometa tatu, nne. Hapakutokea kitu, na kwa muda mfupi aliingiwa na hofu ya ajabu, kwamba huenda Isdori yuko sahihi na baba yake alikosea kweli.

Kisha kitu kiling'aa hewani, kikagonga lami. Gurudumu la nyuma la kulia liliachana na gari, likalipita, likaenda zake peke yake kuvuka mtaro, likaingia katikati ya ng'ombe wa Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa anachunga kando. Ng'ombe walitawanyika. Healey ikakaa chini kwa kitako, ikachora lami kwa cheche, ikageuka, ikaingia mtaroni na kugonga ukingo wa kalavati kwa pua.

Isdori hakufa. Walimvuta nje mkono wake umevunjika na meno mawili hayapo. Magari yote yalisimama, watu wa shamba wakaja mbio, Masanja akafika na gurudumu begani. Mahmud alikuwa ameiokota ile nati barabarani. Aliigeuza mikononi, akaenda kutazama nati ya upande wa pili.

"Nani amezifunga habu hizi?"

Masanja alilitua gurudumu chini.

"Narudia swali. Nani?"

"Mimi," Isdori alisema kutoka chini.

"Haiwezekani. Aliyeijenga gari hii ni fundi. Tazama springi zilivyoinuliwa, tazama hili bomba. Mtu aliyefanya kazi hii hawezi kufanya upuuzi ule."

Isdori alifunga macho. "Springi ni za Kasimiri. Bomba ni la Kasimiri. Yote ni ya Kasimiri. Mimi nilifanya rangi. Na habu."

Umati wote ulisikia, wa mbele na wa nyuma. Ndicho Hellena alichokitaka miaka sita, kimetamkwa kwa mdomo wa mwenyewe, na hakikupungua utamu hata chembe. Isdori akafumbua macho, akamwona.

"Ulijua nisingekusikia," alisema polepole.

"Nilijua, baba mdogo."

Mahmud aligeuka. "Ulijua? Binti, mimi si nilikuwa pale pale?"

Hellena alikuwa ameshashuka mtaroni. Boneti ilikuwa imekunjika mpaka kwenye usukani. Chesisi ilikuwa imepinda katikati, na hilo halinyooki, fundi yeyote analijua. Madigadi ambayo baba yake aliigonga kwa bati mvua nzima ya mwaka mmoja, yeye akishika taa, ilikuwa imechanika vipande viwili. Alihesabu kila kitu katika kisasi chake, kinywa cha Isdori, shingo ya Isdori, masikio ya watu, hata maisha ya Agnesi, lakini gari hakulihesabu. Alipiga magoti kwenye majani yenye mafuta, akashika lile bati, na kilio kikamtoka kwa sauti ambayo hakuitoa hata makaburini.

Wanawake wa Mollo walishuka wakamzunguka. Walikuwa wamesikia akimwita majeruhi baba mdogo. Walimshika mabega, wakamfuta uso kwa pembe za khanga zao.

"Pole, mwanangu. Usilie hivyo, atapona. Baba yako mdogo atapona."

Hellena aliwaacha waseme. Juu barabarani walikuwa wanampakia Isdori kwenye pikapu, kichwa kimeelekea mtaroni, na katika watu wote waliokuwa pale ni Isdori peke yake aliyejua kwamba Hellena halii kwa ajili yake.